Maji Safi Vijijini: Sisi Wanafunzi Twaweza Nini?

Mwaka huu chama chetu cha Kiswahili kilikuwa na mjadala mmoja mkali ambao mada yake ilikuwa: Wanafunzi wa shule za upili hawana uwezo wa kuleta maji safi vijijini. Mimi nilikuwa upande wa wapinzani. Mnajua mijadala yetu ilivyo. Unapewa dakika tano, hujamaliza hata hoja ya pili, kengele inalia. Upande wa pili walishangiliwa sana walipouliza, "Pesa mtatoa wapi? Mashine ya kuchimba kisima mtaazima kwa nani?"

Ni swali zuri, sikatai. Lakini ndani yake mna kasoro. Linachukulia kwamba kuleta maji safi ni kuchimba kisima, basi. Mhariri amenipa nafasi katika gazeti letu, na hapa hapana kengele. Kwa hivyo wacha nieleze kwa utaratibu mambo niliyoshindwa kuyamaliza siku ile: shida ya maji katika sehemu hizi ni ya namna gani, maji huchafuka wapi, na mwanafunzi asiye na shilingi mfukoni anaweza kufanya kazi gani likizo ifikapo.

HALI YETU

Bute iko Wajir Kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya na Ethiopia. Wenzetu wa Garissa wana Mto Tana. Sisi katika Kaunti ya Wajir hatuna hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima. Tulizo nazo ni laga, zile njia za maji zinazojaa kwa saa chache mvua inaponyesha, kisha zinabaki mchanga mtupu. Mvua zetu ni za misimu miwili. Kuna ya Aprili na Mei, ambayo kwa Kisomali ni Gu na kwa Kiborana ni Ganna. Kuna na ile ya Oktoba hadi Desemba, yaani Deyr au Hagayya. Baina ya misimu hiyo ni jua na vumbi.

Basi watu hunywa nini? Mvua ikinyesha, maji hukusanyika katika mabwawa yaliyochimbwa, na watu pamoja na mifugo huyategemea kwa wiki au miezi kadhaa. Yakikauka, watu hukimbilia visima vya kuchimbwa kwa mikono, au visima virefu vya mashine ambavyo huendeshwa kwa dizeli au kwa nguvu za jua. Hivyo navyo vikiharibika, kilichobaki ni kusubiri boza.

Misimu yenyewe nayo haina ahadi. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha. Ni nani kati yetu asiyekumbuka mizoga ya ng'ombe kando ya barabara? Kisha mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya El Nino na mafuriko. Wazazi wetu wanakumbuka jambo kama hilo mwaka 1997 na 1998, ambapo mvua ya El Nino ilifuatwa na homa ya Bonde la Ufa iliyoua watu na mifugo katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki.

Nimeyataja haya kwa sababu moja. Shida yetu ina pande mbili. Upande mmoja ni kiu, yaani maji kukosekana. Upande wa pili ni uchafu, yaani maji kupatikana lakini yakaleta ugonjwa. Mashine ya kuchimba kisima hutibu upande wa kwanza. Upande wa pili unahitaji mikono na maarifa, na hapo ndipo mwanafunzi anapoingia.

MAJI MAANGAVU NA MAJI SALAMA

Watu wengi hutazama maji kwenye kikombe, wakiona yanang'aa, wanasema, "Haya ni masafi." Macho hudanganya. Vijidudu vinavyoleta kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu ni vidogo mno, havionekani bila darubini. Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yakaua.

Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho katika jiji la London, kikaua watu zaidi ya 600. Wakati huo wasomi wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa inayonuka. Daktari mmoja, John Snow, hakuridhika. Alipita nyumba hadi nyumba akiuliza nani amekufa na alikuwa akiteka maji wapi, halafu akatia alama kwenye ramani. Akagundua kwamba waliokufa wengi walitumia pampu moja iliyokuwa Broad Street. Aliwashawishi wakuu wa mtaa wakaondoa mpini wa pampu ile. Baadaye ilibainika kwamba shimo la maji machafu lililokuwa karibu lilikuwa likivujia kisimani.

Tazameni vifaa vya Snow katika kazi ile: miguu, maswali, kalamu na ramani. Hapo nashindwa kuona kitu ambacho mwanafunzi wa Kidato cha Tatu hana.

Na msidhani haya ni mambo ya kale ya Uingereza. Mwaka 2015 na 2016 kipindupindu kilipiga Wajir, na katika mlipuko ulioanza nchini Kenya mwezi Oktoba 2022, kaunti yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Ugonjwa huu humkausha mtu. Anaharisha maji mengi hata mwili unaishiwa na maji na chumvi, na asipotibiwa anaweza kufa kwa muda wa saa chache tu. Watoto wadogo ndio huzidiwa upesi.

SAFARI YA MAJI

Ukitaka kujua maji huchafuka wapi, yafuate kutoka yanapotoka hadi yanapoingia kinywani. Safari hiyo ina vituo vinne.

Kituo cha kwanza ni chanzo. Bwawa lisilo na ua hunywewa na ng'ombe, ngamia, mbuzi, punda na binadamu kwa pamoja. Mnyama haingii majini akinywa tu. Hukojoa na kuacha kinyesi. Isitoshe, mvua ya kwanza husomba kila kilichoko nyikani, pamoja na haja za watu mahali pasipo na vyoo, na kukitia bwawani.

Kituo cha pili ni chombo cha kubebea. Ule mtungi wa plastiki wa lita 20 tunaoujua sote hauna mlango wa kuingiza mkono. Ndani hujenga utelezi wa kijani, na utelezi ule ni makao ya vijidudu. Halafu kifuniko kimepotea zamani, kimezibwa kwa gunzi au kipande cha nailoni.

Kituo cha tatu ni nyumbani. Maji humiminwa kwenye pipa lisilo na mfuniko. Mtoto anakuja mbio kutoka kucheza, anazamisha kikombe pamoja na vidole vyake. Hata kama maji yalitoka kisima kirefu yakiwa safi kabisa, hapo yamekwisha.

Kituo cha nne ni mkono unaopeleka chakula au kikombe kinywani. Mkono usionawishwa kwa sabuni au jivu baada ya kwenda haja hurudisha ugonjwa pale pale.

Sasa, ndugu msomaji, hesabu mwenyewe. Kisima kipya kinarekebisha kituo cha kwanza peke yake. Vituo vitatu vilivyobaki ni tabia na maarifa. Serikali ikileta kisima kesho na vituo hivyo vikabaki vilivyo, mtoto ataendelea kuharisha, na watu watasema kisima kimerogwa!

WENGINE WALIFANYAJE?

Wacha nitoe mifano mitatu.

Wa kwanza ni wa mtoto mdogo kuliko sisi sote. Mwaka 1998 mvulana wa Kanada aitwaye Ryan Hreljac, wa umri wa miaka sita, alisikia kwa mwalimu wake kwamba kuna watoto barani Afrika wanaotembea mbali kutafuta maji. Alifanya kazi za ziada nyumbani kwa miezi minne akapata dola 70, akidhani zinatosha kisima. Akaambiwa kisima ni kama dola 2,000. Hakukata tamaa. Aliendelea kufanya kazi na kuwaeleza watu, na Januari 1999 kisima kikachimbwa katika Shule ya Msingi ya Angolo, kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2001 ukaanzishwa wakfu kwa jina lake, nao umechimba visima katika nchi nyingi. Wapo watakaosema, "Huyo ni mtoto wa Ulaya, ana wafadhili." Kanada si Ulaya, lakini hoja yao naielewa. Ninachochukua hapa ni kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kuwasimulia watu mpaka wakasikia.

Mfano wa pili ni wa Tanzania. Mwaka 1973 nchi hiyo iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza mafundisho kwa redio, wakajadiliana kuhusu malaria, kuhara na maji machafu, kisha wakatoka kwenda kutenda. Vyoo vingi vilichimbwa vijijini. Redio ile ilizungumza Kiswahili, lugha ambayo wakulima waliielewa. Hapa ndipo chama cha Kiswahili kinapopata kazi yake. Elimu ya afya iliyofungiwa katika vitabu vya Kiingereza haimfikii mama aliye bwawani.

Mfano wa tatu ni wa Wamasai wa Kajiado, hapa hapa Kenya, wafugaji kama sisi. Katika miaka ya 1990 watafiti walizipa familia chupa za plastiki zisizo na rangi. Nusu ya watoto waliambiwa maji yao yawekwe juu ya paa juani, nusu nyingine maji yao yakawekwa ndani ya nyumba. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996: watoto waliokunywa maji yaliyoanikwa juani waliharisha kidogo kuliko wenzao. Baadaye kipindupindu kilipozuka katika eneo hilo, watoto wadogo wa nyumba zilizotumia jua walipata nafuu pia. Na sisi hapa Bute, kama kuna kitu hatununui, si ni jua?

KAZI TANO TUNAZOZIWEZA

Sasa nifike kwenye kiini cha makala haya. Hizi ni kazi tano ambazo kundi la wanafunzi wanaojitolea linaweza kuzifanya likizo.

Kwanza, kusafisha mitungi. Weka kokoto ndogo na maji kidogo yenye sabuni ndani ya mtungi, funga, tikisa kwa nguvu mpaka utelezi utoke, kisha suuza. Kazi hii haina gharama, na watoto wa kijiji wataifurahia kama mchezo. Wanafunzi kumi wanaweza kumaliza mitungi ya manyata nzima kwa asubuhi moja.

Pili, kufundisha njia za kutibu maji. Maji ya bwawa yenye tope yaachwe yatulie, kisha yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Nchini Bangladesh, matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 yalionyesha kwamba kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Kitambaa kuukuu ni bora kuliko kipya, maana nyuzi zake zimelegea na kuziba matundu. Hata hivyo, kuchuja peke yake hakutoshi. Baada ya hapo chagua njia moja kati ya hizi:

Kuchemsha: maji yatokote kwa nguvu kwa dakika moja hivi. Ubaya wake ni kuni.

Dawa ya klorini: fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti, koroga, ungoje nusu saa ndipo unywe. Maji yenye tope hula dawa, ndiyo sababu lazima yachujwe kwanza.

Jua: jaza maji katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, toa karatasi zake, uilaze juani kwa saa sita. Kukiwa na mawingu mengi, iache siku mbili. Maji yawe yamechujwa vizuri. Ukiisimamisha chupa juu ya gazeti na ukitazama kutoka juu usiweze kusoma kichwa cha habari, bado yana tope mno.

Hapa naomba tuwe wakweli kwa watu. Njia zote tatu huua vijidudu. Hazitoi chumvi. Kisima chenye maji ya chumvi kitabaki na chumvi hata uchemshe mpaka jioni. Tusije tukaahidi tusichoweza, tukapoteza imani ya wazee.

Tatu, kufundisha maji ya kuokoa maisha. Mtoto anayeharisha apewe pakiti ya dawa ya chumvi na sukari kutoka zahanati. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji salama, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vipimwe bila kurundika, ukoroge. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo huku akipelekwa zahanati. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hivyo kila mmoja wetu akariri kipimo hiki kama anavyokariri methali. Naamini mwanafunzi mmoja anayekijua anaweza kuokoa mdogo wake usiku ambao hakuna gari.

Nne, kukinga maji ya paa. Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja mraba hutoa lita moja ya maji. Chukua darasa lenye paa la mabati la mita 20 kwa mita 7. Hizo ni mita mraba 140. Tuseme mvua ya msimu mmoja ni milimita 125. Zidisha: lita 17,500. Toa sehemu moja ya tano kwa ajili ya maji yanayomwagika na kukauka, unabaki na lita 14,000. Shule yenye wanafunzi 200, kila mmoja akinywa lita tatu kwa siku, hutumia lita 600. Paa moja basi hutosha siku 23. Mapaa manne hutosha siku 93, yaani muhula mzima! Kinachohitajika ni gata na matangi ya kutosha kuweka maji hayo. Ni kweli tangi ni pesa. Lakini ukimpelekea mwalimu mkuu au mbunge ombi lililo na hesabu kamili namna hii, utasikilizwa kuliko anayelia tu kwamba "tuna shida ya maji." Na jambo moja la kukumbuka: mvua ya kwanza ya msimu imwagwe, kwa maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege kutoka kwenye paa.

Tano, kulinda bwawa. Ua wa miiba kulizunguka bwawa, njia moja ya watu wa kuteka, na birika la kunyweshea mifugo lililo nje ya ua. Mikono ishirini ya vijana ikiwa na mapanga na majembe inaweza kukamilisha ua kwa siku chache, mradi wenye bwawa wamekubali.

TUNAINGIAJE KIJIJINI?

Maneno "wenye bwawa wamekubali" ndiyo yaliyobeba uzito. Kazi ya kujitolea huharibika mara nyingi kwa sababu wageni hufika na majibu kabla ya kuuliza maswali. Mnamo mwaka 2009 wataalamu walikadiria kwamba takribani theluthi moja ya pampu za mkono katika Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa hazifanyi kazi. Pampu hizo zililetwa kwa nia njema. Watu wakapiga makofi, wafadhili wakaenda zao, kisha mpira mdogo ukakatika ndani na hakukuwa na fundi, wala kipuri, wala mfuko wa kukinunua.

Jamii zetu hazikuwa na ujinga huo. Waborana wana visima virefu ambamo vijana husimama juu ya ngazi, mmoja juu ya mwingine, wakirushiana ndoo huku wakiimba. Kisima kina msimamizi wake aitwaye abba herega, anayepanga zamu: leo mifugo ya nani, kesho ya nani, na nani ameshiriki kukisafisha. Maji yalikuwa na sheria kabla hakujawa na Wizara ya Maji. Mwanafunzi atakayeanza kwa kuuliza, "Zamu zenu huendaje? Nani hutunza kisima?" atapokewa vizuri kuliko yule anayeanza kwa kusema, "Nyinyi mnakunywa maji machafu."

Kwa hivyo, tukifika tuanze kwa wazee, tuombe ruhusa. Kisha tukae na akina mama na wasichana, kwa kuwa wao ndio wanaobeba. Wao wanajua ni saa ngapi foleni hurefuka, punda gani anakodishwa kwa bei gani, na mtungi mmoja hutosha watu wangapi. Tusiwaaibishe. Tuseme lugha yao, iwe Kisomali au Kiborana, na Kiswahili kitumike pale kinapotuunganisha. Mwisho tuache watu wawili watatu wa hapo hapo waliojifunza, wenye daftari na zamu, ili sisi tukirudi shuleni kazi isilale.

Na niseme neno juu ya wasichana. Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20. Msichana anayekwenda kuuleta alfajiri huchelewa darasani, na ndugu yake mgonjwa wa kuhara akihitaji mlezi, ni yeye anayebaki nyumbani. Tukihesabu madawati yaliyo wazi wakati wa kiangazi, tutaona kwamba suala la maji ni suala la masomo. Wavulana wenzangu, kubeba mtungi hakumpunguzii mtu uanaume. Tuanzie hapo.

JE, SI KAZI YA SERIKALI?

Hoja hii ilitolewa siku ya mjadala, na mimi naikubali nusu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Huduma za maji ni jukumu la serikali ya kaunti kwa mujibu wa Katiba hiyo hiyo. Mwaka huo huo wa 2010 Umoja wa Mataifa nao ulitambua maji kuwa haki ya binadamu. Basi kujitolea kwetu kusiwe kisingizio cha wakuu kulala. Visima virefu, mabomba na mashine ni kazi yao, na sisi tuna ruhusa ya kuwaandikia barua tukiwakumbusha.

Lakini mtoto anayeharisha leo hawezi kungoja bajeti ya mwaka ujao. Haki iliyo kwenye karatasi ni nzuri, na maji yaliyoanikwa juani juu ya paa pia ni mazuri. Tunaweza kudai moja huku tukifanya jingine. Dini nayo inatufundisha kwamba kumpa mwenye kiu maji ni katika sadaka zilizo bora, na haikusema sadaka hiyo ni ya matajiri tu.

Mwisho, napendekeza hivi kwa wanachama wenzangu na walimu wetu. Kabla ya kufunga shule, kila mwanachama aandike katika daftari la chama jina la kijiji chake na kazi moja kati ya zile tano atakayoifanya. Tukifungua, aandike alichofanya, mitungi mingapi imesafishwa, nyumba ngapi zimejifunza kutumia jua, na pia alichoshindwa. Daftari hilo tulitunze, mwaka hadi mwaka, kama Snow alivyotunza ramani yake. Tukifanya hivyo kwa miaka mitatu, chama chetu kitakuwa na kitu ambacho ofisi nyingi hazina: habari za kweli za maji ya vijiji vyetu, zilizoandikwa kwa Kiswahili na watoto wa hapo hapo.

Haba na haba hujaza kibaba. Msisahau kipimo: lita moja, vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi.